Kiota cha Chini Kabisa

Osogo wa kwanza alikuja kwenye mgunga ulio nyuma ya jiko langu asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi wa pili, mwaka wa 1962, nikiwa nasugua sufuria kwa majivu. Binti yangu Rispa, aliyekuwa anakaribia miaka minne, ndiye aliyemwona.

"Mama, yule ndege anatuibia mgomba."

Nikatazama. Ndege wa manjano, kichwa cheusi kama amekiingiza kwenye masizi, alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa jani la mgomba. Alilikata kidogo kwa mdomo, akaruka, na jani likachanika likamwachia uzi wa kijani mrefu kuliko yeye mwenyewe. Akaupeleka juu ya mgunga. Akarudi. Akachana mwingine.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni aliniambia baadaye kwamba kwa Kiswahili anaitwa mnana. Sisi tunamwita osogo, na hakuna mtu wa ziwani anayemshangaa. Mimi nilimshangaa kwa sababu si mtu wa ziwani. Nilizaliwa Lambwe, mbali na ziwa, nikaolewa huku karibu na Kisegi nikiwa sijawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Mume wangu, Nashon, alipotoka kwa mama yake kwenda kufungua mji wake mwenyewe, yaani boma lake, alichagua kipande cha chini kabisa cha shamba, karibu na ufuo. Watu walimwambia apande juu kidogo. Akasema mke wake hatabeba mtungi akipanda kilima. Nilimpenda kwa neno hilo, na bado nampenda kwa hilo, lakini nyumba alijenga pabaya.

Wakati ninaousimulia, Nashon alikuwa Migori, akifanya kazi kwenye kikosi cha kujenga barabara na daraja. Nyumbani tulikuwa mimi, Rispa, na Jared aliyekuwa na miezi minane, bado mgongoni.

Wiki ile nzima nilipika huku shingo imeelekea juu. Sikujua kwamba ndege anaweza kufunga fundo. Anashika uzi kwa mguu, anaupitisha kwa mdomo, anauvuta, anaupitisha tena, mpaka kunakuwa na kitanzi, na kutoka kwenye kitanzi inatokea nyumba yenye mlango kwa chini. Ikiisha, anajining'iniza mlangoni kichwa chini, anapigapiga mabawa na kupiga kelele, akiita mke aje kuikagua. Mke huja, mwenye rangi hafifu, hana haraka. Anaingia, anavuta huku na kule. Asiporidhika anaondoka, na bwana anaanza kuibomoa kazi yake yote uzi kwa uzi.

Jumatatu iliyofuata, mama mkwe wangu, Zilpah, alishuka kutoka kwenye mji wake ulio juu ya njia, akiwa na kikapu cha omena, dagaa wa ziwani. Hakukitua.

"Nyar Lambwe, hawa wageni ni wa lini?"

Ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Lambwe, kwa mahali nilikotoka.

"Wana wiki, mama. Madume manne. Walijenga viota sita, vimebaki vitano. Kimoja mwenyewe amekibomoa."

"Mke alikataa?"

"Alikataa."

Alicheka mpaka kikapu kikatikisika. "Osogo ana akili. Anajenga kwanza ndipo anaita mke. Mwanangu aliita mke kwanza, halafu akamjengea kwenye tope." Kisha akatazama ziwa, akatazama mti. "Hawa hukaa kwenye mafunjo, kule chini. Tangu nilipoolewa hapa sijawaona kwenye mti huu. Wamehama. Na wewe ujiandae kuhama."

Nilikuwa nimesoma masomo ya jioni kwa miezi minane, nikajiona mtu wa kutaka ushahidi. Alipoondoka nilishuka ufuoni na watoto. Mvua za mwisho wa mwaka uliopita zilikuwa zimenyesha kama hazitakatika, na ziwa lilikuwa limejaa, hilo kila mtu alilijua. Lakini nilichokiona kwenye mafunjo sikuwa nimekitazama kabla. Viota vya zamani vilikuwa nusu ndani ya maji, vimeota ukungu wa kijani. Kimoja kilikuwa chote chini, mlango wazi, samaki wadogo wakiingia na kutoka.

Nikachomeka kijiti mahali maji yalipoishia. Nikahesabu hatua mpaka mlangoni kwangu. Hamsini na mbili. Nikaziandika kwenye daftari, pamoja na tarehe.

Mtu asiyejua desturi za kwetu atauliza kwa nini sikufunga virago nikapanda kwa mama mkwe siku hiyo hiyo. Kwetu mke wa mtu haruhusiwi kulala ndani ya nyumba ya mama wa mume wake. Watoto wanaweza, na Rispa alikuwa amezoea kulala kwa dani, yaani bibi yake, lakini mimi siwezi, hata mvua ya mawe ikinyesha. Wala siwezi kujijengea nyumba mpya mahali pengine. Mji mpya hufunguliwa na mwenye mji, alfajiri, akiwa na jogoo mkononi, mtoto wa kwanza wa kiume akiwa na shoka, na mke akibeba moto. Mwenye mji asipokuwepo, hakuna mji. Kwa hiyo njia ilikuwa moja tu: Nashon aje.

Barua nilijifunza kuandika kwa Mwalimu Mochama, Mkisii aliyefundisha watu wazima jioni tatu kwa wiki ndani ya kanisa letu la Wasabato. Hakujua Dholuo, lugha yetu, kwa hiyo tulisoma kwa Kiswahili, na mimi nikafurahi, maana Kiswahili ndicho Nashon alichotumia huko barabarani. Mwalimu alikuwa ametuandikia ubaoni jinsi barua inavyokwenda. Kwanza anwani. Kisha salamu nyingi. Kisha kumwambia mwenzako kwamba ninyi wazima na kumtakia uzima. Kisha habari. Alisema barua isiyo na salamu ni kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kwanza maishani. Niliandika: "Kwako mpendwa mume wangu Nashon. Pokea salamu nyingi zisizo na hesabu kama nyota za mbinguni. Nakuandikia nikitumaini kwamba u mzima wa afya njema kama sisi tulivyo. Hapa nyumbani sote hatujambo, mimi na watoto na mama, wala hatuna taabu yoyote." Mwandiko wangu ulikuwa mkubwa. Nilipofika hapo karatasi ilikuwa karibu kuisha, nikaminya chini kabisa: "Osogo wamejenga kwenye mgunga. Mama anasema maji yatapanda. Njoo tuhame."

Niliisoma mara tatu, nikaona imenyooka. Nikampa Ongeri, mchuuzi aliyenunua samaki wakavu Kisegi na kuwauza Migori, ambaye ndiye aliyekuwa posta yetu.

Kisha nikangoja, na kungoja kwenyewe hakukuwa kubaya. Nilikuwa na mti wa kutazama. Madume yakawa tisa. Kelele zao zilianza kabla ya jogoo na hazikuisha mpaka jua lilipokuwa kali. Jared alijifunza kugeuza kichwa mgongoni mwangu kuwafuata wakiruka, mpaka nikahisi shingo yake ikinisukuma bega. Rispa aliwapa majina ya watu wa kanisani. Aliyebomoa kiota chake mara tatu alimwita mzee wa kanisa, na nilimkataza, lakini si kwa nguvu, maana alifanana naye kwa kutembea. Wake walipoanza kukaa ndani, kelele zikapungua. Kisha siku moja tukasikia sauti nyingine, nyembamba, kama mtu anasugua kioo kwa kidole kilicholowa. Makinda.

Na kila Jumatatu nilihesabu hatua. Tarehe tano Machi zilikuwa arobaini na nne. Jiwe nililofulia nguo lilikuwa limeshaingia majini, nikatafuta lingine. Maji hayakuja kwa fujo. Yalikuja kama mtu anayesogeza kiti chake karibu nawe mazungumzo yakiendelea, na ukimtazama amekaa tu.

Jibu lilifika mwisho wa mwezi wa tatu. Mama mkwe aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa, nikamsomea nikitafsiri.

"Anasema: Mke wangu, nimefurahi sana kusikia kwamba nyote hamjambo na hamna taabu yoyote. Hata hapa kambini nimewasomea wenzangu barua yako, wamesifu mwandiko. Wasalimie osogo wako. Waambie mgunga huo ni wangu, wasizoee sana. Nitakuja mwezi wa nane, daraja likiisha."

Zilpah alichukua uteo, akauweka chini tena.

"Nani alimwambia hakuna taabu?"

"Mimi, mama."

"Wewe."

"Ni utaratibu wa barua. Unaanza kwa kusema ni wazima."

"Hata ukiwa unazama?"

Nilifungua daftari ambamo nilikuwa nimeiandika barua kwanza kwa penseli, nikamsomea yote, nyota za mbinguni na kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Salamu zako ni nzuri sana," alisema. "Hata mimi ningekaa Migori."

Jioni hiyo nilimngoja Mwalimu Mochama hadi wenzangu walipotoka.

"Mwalimu, mtu akiwa na taabu, anaandika salamu vilevile?"

"Salamu ni salamu, mama Rispa. Nilisema ni kama kubisha hodi."

"Na ukiona nyumba ya jirani inaungua? Unabisha hodi?"

Alijikuna sikio kwa chaki, likawa jeupe. "Hapo," alisema, "unaingia tu."

Basi niliingia tu. Barua ya pili niliiandika tarehe tisa Aprili, nimeegemea ukuta wa jiko:

"Nashon. Tarehe 12 Februari maji yalikuwa hatua 52 kutoka mlangoni. Tarehe 5 Machi, hatua 44. Tarehe 2 Aprili, hatua 31. Leo ni hatua 27. Shimo la takataka limejaa maji. Mistari mitatu ya mahindi imekufa. Kwenye mgunga kuna viota kumi na tisa, na hakuna hata kimoja ninachoweza kukifikia kwa mkono. Siwezi kulala kwa mama na siwezi kujenga bila wewe. Hesabu mwenyewe. Roseline."

Ongeri aliipokea, na kwa kuwa sikuwa na bahasha, aliona. "Mama, hii umesahau salamu."

"Sikusahau."

"Mimi napeleka barua za watu miaka sita. Mtu akipata barua kama hii anajua kuna matanga."

"Peleka hivyo hivyo."

Alhamisi ya wiki iliyofuata, alasiri, nilikuwa nimeketi na Rispa chini ya mgunga. Kiota cha chini kabisa kilikuwa kimening'inia juu kidogo ya mahali mkono wangu unapofika nikisimama, nasi tulikuwa tunamtazama mama mtu akiingia na kiwavi na kutoka bila kitu, akiingia na panzi na kutoka bila kitu. Nikasikia hatua. Nashon alikuwa amesimama pembeni ya jiko, vumbi limempanda mpaka magotini, kofia ameivua na kuishika kifuani kwa mikono miwili.

"Nani?" aliuliza.

"Nani nini?"

"Nimepita kwa mama, hayupo. Sisikii kilio. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mama ameenda sokoni. Jared huyu hapa."

Alimtazama Jared kama anamhesabu. Kisha akaketi chini, palepale, kwenye majivu. "Barua haikuwa na salamu," alisema. "Niliona jina langu tu, na chini yake tarehe. Sikuweza kuendelea. Msimamizi aliniona nilivyo akasema nenda, urudi Jumatatu. Lori limeniacha Magunga, nimetembea tangu saa nne."

"Unayo?"

Aliitoa mfukoni mwa shati, imelowa jasho.

"Soma sasa."

Aliisoma, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Kisha akasimama, akaenda mlangoni, akageuka, akaanza kutembea kuelekea ziwani akihesabu kwa sauti. Viatu vyake viliingia majini aliposema kumi na tisa.

"Una miguu mirefu," nilimwambia. "Kwa miguu yangu ni ishirini na mbili."

Alitazama maji yakilamba viatu. "Nilikujengea hapa ili usibebe mtungi mbali."

"Najua, baba Rispa. Sasa maji yanakuja yenyewe. Hata mtungi sihitaji."

Mabega yake yakatikisika kwanza, ndipo nikajua anacheka. Nikacheka pia, na nilipocheka nikagundua jinsi nilivyokuwa nimechoka.

Alikuwa na siku tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa Sabato. Ijumaa alfajiri alinoa shoka. Mahali pa mji mpya tulikuwa tumepachagua jioni ile, upande wa pili wa njia, chini kidogo ya mama yake. Kilichobaki ni miti ya nguzo. Nikamwona amesimama chini ya mgunga, akipima shina kwa macho, kisha matawi.

"Huu una nguzo nne ambazo mchwa hawatazigusa," alisema.

"Una makinda."

"Roseline. Ni nyumba ya watu au nyumba ya ndege?"

"Makinda wana kama siku nane. Baada ya siku kumi hivi wataruka."

"Mimi nina siku tatu."

"Barua ya kwanza ilikuwa yao," nilisema. "Wao ndio waliosema maji yanakuja. Wewe ukaniambia niwasalimie. Mimi nimechoka kubeba salamu zako, wasalimie mwenyewe."

Alitazama juu. Mzee wa kanisa wa Rispa, yule wa kubomoa, alikuwa hatimaye amepata mke na alikuwa anashona paa kwa bidii iliyochelewa. Nashon akaweka shoka begani, akaenda kumwomba jirani miti. Alirudi mara tano siku hiyo, kila mara amebeba nguzo, na kila mara alipopita mgunga aliinua kofia kidogo. Sijui kama alinitania mimi au aliwaheshimu wao.

Jumamosi tulikwenda kanisani. Maji hayakuishika Sabato. Tuliporudi nilihesabu, ishirini.

Jumapili, kabla jua halijatoka, tulivuka njia. Nashon alimbeba jogoo. Mimi nilibeba moto kwenye kigae cha chungu, moshi ukiniingia machoni. Jared alibebwa na Zilpah mpaka mpakani mwa mji mpya, kisha Nashon akamchukua kwa mkono wa pili, nami nikakibana kiganja chake kwenye mpini wa shoka. Alijaribu kuula.

"Mchungaji akiniuliza," Nashon alisema, "huyu jogoo ni kitoweo."

"Ni kitoweo," mama yake alisema. "Kesho. Leo ni jogoo."

Majirani walikuja na jua. Wanaume walichimba na kufunga fito, wanawake tulikanyaga udongo. Kufikia alasiri nyumba ilikuwa imesimama, mbichi, ikinuka nyasi na tope, na nilipokuwa napaka ukuta kwa kiganja niliwaza yule mke wa osogo anayeingia na kuvuta huku na kule. Niliingia. Nikasukuma nguzo ya katikati. Haikutikisika.

"Unaipokea?" Nashon aliuliza akiwa nje.

"Nangoja paa likamilike," nilisema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Paa lilikamilika jioni ile, na Jumatatu alirudi Migori.

Nyumba ya zamani ilifikiwa na maji katikati ya mwezi wa tano. Ukuta ulilainika kutoka chini, na siku moja ikaketi taratibu, kama mtu mzima anayetafuta kiti nyuma yake. Nilitazama nikiwa upande wa juu wa njia, na nililia kidogo, kwa sababu Rispa na Jared walizaliwa mle. Lakini tulikuwa juu, na vyungu vyangu vilikuwa juu.

Mgunga haukuanguka. Ulisimama ndani ya maji, na nilidhani osogo wataondoka. Waliongezeka. Nilihesabu thelathini na nne. Nilikuwa nimefikiri siku zote hizo kwamba waliyakimbia maji kama mimi. Siku moja nikamwona nyoka akija kwenye ukingo wa maji, akanyoosha kichwa kuelekea mti, akarudi, na hapo nikafikiri labda walitaka tu maji yawe chini yao, kwa kipimo chao wenyewe. Zilpah anasema walijua tangu mwanzo yatafika wapi. Mimi sisemi walijua. Naandika nilichoona.

Sasa kila Jumapili jioni naketi na Rispa kando ya njia tunawatazama, halafu naandika barua. Hiki ndicho nilichoandika mwezi wa saba, na sikukiandika kwanza kwa penseli:

"Nashon. Maji hayajasogea kwa wiki tatu, kijiti changu kiko palepale. Jirani alinipeleka kwa mtumbwi mpaka kwenye mgunga nikapime. Kutoka mlango wa kiota cha chini kabisa mpaka kwenye maji ni mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Ndani yake mna makinda wengine. Paa letu halivuji. Jared amesimama peke yake akishika nguzo ya katikati. Kwenye uzio wetu mpya, jana asubuhi, nimekuta uzi mmoja wa jani la mgomba umefungwa fundo. Mmoja tu. Osogo wakijenga hapo nitakuandikia. Pokea salamu nyingi. Sisi sote hatujambo, na safari hii ni kweli."